Mwanya wa Mama Huguette

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Kahambu wa mapokezi anastaafu baada ya kuitumikia kliniki yetu kwa miaka ishirini na sita. Aliingia akiwa mpiga deki, anatoka akiwa mtu ambaye wagonjwa humuulizia kwanza kabla hawajauliza daktari gani yuko zamu. Jarida letu la wafanyakazi huandikwa kwa Kiingereza, lakini safari hii nimeomba ukurasa huu uwe wa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyotufanyia kazi nayo, na ingekuwa aibu kumuaga kwa maneno ambayo itabidi atafsiriwe. Daktari Ayaa alikubali, kisha akaniambia niandike mimi, muuguzi wake, maana eti sisi Wakenya tuna maneno mengi. Haya, mmeyataka wenyewe.

Humu ndani hakuna anayemwita Kahambu. Ni Mama Huguette, kwa jina la bintiye wa kwanza, yule anayefanya kazi Kyambogo na kutuletea keki kila Krismasi. Alizaliwa Butembo, upande wa Kongo, akavuka mpaka na kuja Kampala vita vilipopamba moto kule kwao. Kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa kupiga deki hapa kwetu Nsambya. Anasema mwenyewe kwamba siku ile alipogundua hii ni kliniki ya meno, alitaka kuweka ndoo chini na kuondoka. Lakini mwenye njaa hana miiko, na nyumbani kulikuwa na watoto.

Hakukaa na ndoo muda mrefu. Wafanyabiashara wa Kikongo wanaouza vitenge soko la Owino walikuwa wakija na mashavu yamevimba, na hakuna aliyewaelewa; madaktari wa wakati ule walijua Kiingereza na Kiganda, basi. Asubuhi moja mama mmoja alikuwa akilia na kuonyesha sikio, daktari akadhani amekosea kliniki. Mpiga deki akaegemeza fagio lake la deki ukutani, akaeleza kwamba ni jino la gego linalovuta hadi sikioni. Mchana ule ule ndoo ilipata mwenyewe mwingine, na Mama Huguette akapewa kiti cha mapokezi.

Utaratibu wake wote mnaujua, ila wageni wauelewe. Mgonjwa mwoga haachwi aende peke yake. Mama Huguette anamshika mkono pale kwenye benchi, anamtembeza taratibu huku akimuuliza habari za watoto na bei ya vitenge, mpaka mlangoni pa chumba cha matibabu. Hapo anamkabidhi muuguzi, mkono kwa mkono, bila kuuacha mkono wa mgonjwa uning'inie hata kidogo. Afande Ongom wa kambi ya polisi, mtu ambaye wezi wa mtaa mzima wakimwona wanabadili njia, hajawahi kuingia kwetu bila mkono huo.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiipokea mikono hiyo upande wa pili tangu nilipoajiriwa, na ilinichukua miaka kutambua jambo moja: Mama Huguette havuki kizingiti. Hata akiwa na ujumbe wa daktari, anausema akiwa nje ya pazia. Jambo la pili tuliliona wote na tukalipa maana tuliyoitaka. Akizungumza, kitambaa chake cheupe kiko mdomoni. Akicheka, anageukia ukuta. Tulisema ni adabu ya kina mama wa zamani. Kumbe tulikuwa tunafanya kazi na mgonjwa wetu wenyewe, na kinyozi hajinyoi.

Mambo yalijitokeza Machi mwaka huu, mdomo wake wa juu ulipovimba. Alisema ameumwa na nyuki. Daktari Ayaa, ambaye amekulia katika nyumba za polisi na hadanganywi kirahisi, alifunga mlango wa mapokezi akamwomba aondoe kitambaa. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamevunjika karibu na fizi, yamekuwa meusi, na juu yake kulikuwa na jipu.

"Mama, hapa iko usaha," Daktari akamwambia. "Tukingoja, hii meno mbili mimi nang'oa. Lakini kama unakuja sasa, mizizi tunaokoa."

Hapo ndipo tuliposikia habari yenyewe. Alipokuwa msichana mdogo Butembo, jino lilimuuma, akapelekwa kwa mtu aliyekuwa aking'oa meno pembeni mwa soko. Watu wazima walimshika mikono na miguu. Sindano haikuwepo. Yule bwana aling'oa jino zima, akalitazama, akaona amekosea, akarudi kulifuata lililooza. Tangu siku ile Mama Huguette akisikia chuma kikigonga sahani ya chuma, anataka kukimbia, naye kwa miaka ishirini na sita amelipwa mshahara mahali ambapo chuma hugonga sahani kutwa nzima. Nilifikiria wagonjwa wote aliowatuliza kwa ujasiri ambao yeye mwenyewe hakuwa nao.

Na hayo meno yalivunjikaje? Wengi walikuwa wamesikia kwamba alianguka kwenye bodaboda. Samahani, Mama Huguette, umeniruhusu niseme na ninasema. Ilikuwa arusi ya mdogo wake hapa Kampala, ambayo mama yao hakuweza kuifikia, miaka kumi na minane iliyopita. Kifungulia soda kilipotea, meza ya maharusi ilikuwa inangoja, na yeye tangu ujana alikuwa fundi wa kufungua chupa kwa meno. Kreti la kwanza lilikwisha salama, watu wakimpigia vigelegele. Chupa moja ya Fanta katika kreti la pili ndiyo iliyomaliza sherehe. Huyu ndiye mama ambaye amewakaripia wagonjwa wetu wote, mkubwa kwa mdogo, kwamba meno si kifungulia chupa.

Alimeza dawa za usaha, uvimbe ukapungua, akatangaza kwamba amepona. Daktari akamkumbusha kwamba mizizi haijapona. Yeye akasema ngoja kwanza, na ile ngoja kwanza ingeendelea hadi meno yatoke yenyewe kama si habari zilizotoka Butembo. Mama yake mzazi, aliyepita miaka themanini, alikuwa amekubali hatimaye kuja Kampala kuishi naye, mwanawe akikaribia kustaafu.

Mama huyo hakujua lolote kuhusu meno. Mara ya mwisho walipoonana ana kwa ana, Mama Huguette alikuwa na meno yake yote ya mbele. Baada ya hapo zilikuwa simu tu, na zilipokuja simu za picha, bibi wa watu aliona paji la uso la mwanawe na dari ya nyumba, miaka nenda miaka rudi. Sasa alikuwa anakuja na macho yake.

"Nerima," Mama Huguette aliniambia tukinywa chai, "mama yangu atakuja akute mudomo yangu imezeeka kumupita yeye?"

Siku ya kwanza ya matibabu ilikuwa Julai. Aliketi kwenye benchi lake mwenyewe, upande wa wagonjwa, na hakuweza kuinuka. Nilitoka nikamwita, akaitikia, akabaki pale pale. Afande Ongom alikuwa amekuja kusafishwa meno, ameketi pembeni anasoma gazeti. Alilikunja, akasimama.

"Mama, twende. Leo mimi napeleka wewe."

Akamshika mkono, akamtembeza taratibu, na kwa sauti ile ya kuamrisha gwaride akamuuliza kitenge siku hizi ni bei gani. Mlangoni akanikabidhi mkono. Mama Huguette akavuka kizingiti akiwa amefumba macho.

Sitasema ilikuwa rahisi. Alilia kabla ya sindano na akalia baada ya sindano, ingawa alikiri kwamba sindano yenyewe hakuisikia sana. Kila alipoinua kidole, Daktari Ayaa alisimamisha kila kitu na kungoja, hata wagonjwa wengine walipoanza kukohoa kule nje. Aliisafisha mizizi, akaiziba, wiki iliyofuata akasimika vijiti vya kushikilia meno mapya. Fundi wetu wa meno bandia, Nyongesa, akatengeneza meno ya muda ya kuvaliwa wakati yale ya kudumu yakiandaliwa. Siku ya kuyavalisha tulijazana wote chumbani. Meno yalikuwa meupe, yamenyooka, yameshikana. Tulipiga makofi. Mama Huguette alijitazama kwenye kioo, machozi yakamtoka, akasema asante, asante sana. Tukaambiana kwamba furaha ikizidi ndivyo inavyokuwa.

Kesho yake akaja kazini na kitambaa chake mdomoni.

Tulidhani ni mazoea. Ilipita karibu wiki kabla hajanieleza. Usiku ule wa kwanza alimpigia mama yake simu ya picha, na safari hii akaishusha simu kutoka kwenye paji la uso, akatabasamu. Mama yake akasogeza uso karibu na simu, akauliza, "Ule ni nani?" Akaambiwa ni Kahambu. "Kama ni Kahambu, mwanya yangu nilikupatiaka, umeipeleka wapi?"

Ndugu zangu, mwanya! Mama Huguette alizaliwa na mwanya katikati ya meno ya mbele, mwanya wa mama yake na wa bibi yake, uliotambulisha ukoo mzima. Nafasi ile ndogo ya katikati ndiyo iliyomfanya asifiwe uzuri, na marehemu mumewe alikuwa akisema ndiyo iliyomponza. Sisi tulipokuta mabaki ya meno yameachana, tukadhani ni uharibifu, tukaziba. Kliniki nzima yenye watu wanaojua vizuri kabisa mwanya ni nini, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumuuliza. Daktari Ayaa mwenyewe ana dada mwenye mwanya na anamwonea wivu.

"Kwa nini hukusema?" Daktari alimuuliza, na sauti yake haikuwa ya kidaktari.

"Mulinipatia zawadi," Mama Huguette akajibu. "Zawadi mutu anapokea na mikono mbili. Haulizi rangi."

Tatizo ni kwamba meno ya kudumu yalikuwa yamekwisha kutengenezwa kwa kipimo kile kile. Kuyabadili kulitaka achukuliwe vipimo upya, fizi ziguswe tena, sindano tena, kiti tena. Daktari Ayaa alimweleza wazi kwamba mizizi imeokolewa, meno yaliyopo ni imara, na hakuna atakayemlaumu akiamua kuishia hapo. Mama Huguette aliomba apewe siku za kufikiri. Aliwaza kweli, alikosea majina ya wagonjwa wiki nzima, kitu ambacho hatujawahi kukiona. Hofu ile ilikuwa haijaondoka. Ilikuwa imeshindwa mara chache tu, naye alijua ina nguvu ya kurudi.

Wakati yeye anawaza, Nyongesa alikuwa na shida yake. Angeupimaje mwanya ambao hajauona? Picha za ujanani zilibaki Butembo, na za Kampala tulizozipata zote zina kitambaa. Mwishowe akaomba ampigie simu mama mtu, ambaye kwa neema ya Mungu meno yake ya mbele bado yapo. Nyongesa akashika simu karibu na taa, penseli mkononi.

"Mama, hebu cheka tena. Kidogo tu. Sasa geuka huku."

Bibi alimcheka mpaka akakohoa, kisha tukamsikia akimuuliza binti yake, "Ule kijana anataka kunioa, ao?" Nyongesa, ambaye kwa kawaida haongei na binadamu kabla ya saa nne, aliona haya kwa muda wa siku mbili. Lakini mwanya aliupata.

Siku zake za kufikiri zilipokwisha Mama Huguette alikubali, na asubuhi iliyopangwa kwa vipimo vipya nilitoka kwenda kumchukua kwenye benchi. Hakuwepo. Nikaangalia jikoni, nikaangalia nje getini, moyo ukaniambia amekimbia, na sikumlaumu. Niliporudi chumbani kuandaa vifaa nilimkuta ameshaketi kwenye kiti cha wagonjwa, miguu ameibana pamoja, mkoba mapajani, anatazama taa. Hakuna aliyemleta. Nikamfunga kitambaa cha kifuani na kuendelea na kazi.

Hivyo ndivyo Mama Huguette alivyopata meno yake, na mwanya wake. Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu yeye aliniambia wagonjwa waoga wasomewe. Kwa miezi hii miwili ya mwisho hakuwa akiwaambia tena kwamba hakuna maumivu. Aliwaambia inaogopesha, yeye pia aliogopa, halafu akawaonyesha meno.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza kituo cha mabasi kumpokea mama yake. Basi la kutoka mpakani Mpondwe lilichelewa, naye hakutulia, alikuwa akiramba meno yake kwa ulimi kila mara. Bibi aliteremka mwisho kabisa, mdogo, mkali, akikataa kushikwa. Alitubebesha mizigo: mimi kuku, binti yake mifuko miwili ya maharage, mmoja kila mkono. Halafu akamshika mwanawe kidevu, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Umekonda," bibi akasema. "Banakulisha nini huku?"

Na Mama Huguette akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, katikati ya kituo cha mabasi, mikono yote miwili imejaa maharage.

Mama Huguette, kwa niaba ya kliniki yote, asante kwa kila mkono uliotukabidhi. Mungu akupe wewe na mama yako siku nyingi zenye afya na utulivu, na jirani wema, na chakula cha kutosha ili bibi asitulaumu tena. Kiti chako cha mapokezi tutampa mwingine kwa sababu hatuna budi. Njoo utusalimie.

Nerima, chumba cha matibabu