Bosi Ameitupa Simu Kwenye Kopo la Nati

Benchi lile lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na kila anayelikalia anajua upande wa kutoegemea. Liko kati ya saluni ya Wembe na kibanda cha fundi baiskeli aitwaye Spoku, mbele ya duka la Chaji, ambaye huchaji simu za watu na, akiombwa, huzitibu pia. Birika, muuza kahawa, huja jua likianza kupunguza ukali, na harufu ikishafika kona, Mzee Mita naye huwa ameshafika. Huyo alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba mpaka akastaafu, ila kusoma mambo ya nyumba za watu hajastaafu. Hapo hakuna jambo linalokosa mtaalamu. Jumapili hii Spoku alikuja na simu mkononi, ameifuta kwa tambara lakini bado inanuka grisi, akailaza katikati ya benchi kama mgonjwa.

— Bosi ameitupa tena, akasema. Safari hii kwenye kopo la nati. Na kifuniko kafunika.

Bosi ni bintiye, miaka saba, asiyeongea kwa mdomo. Daktari alisema ana usonji, na Spoku akalirudia neno hilo njia nzima asije akalisahau kabla ya kufika nyumbani. Cheo cha Bosi kakipatia hapo kijiweni: huja, hukaa chini, huzipanga nati za baba yake kwa ukubwa, na mtu akigusa moja, mkono wake huondolewa bila hata kutazamwa usoni. Mama yake ndiye aliyepata ile programu ya picha. Mtoto anabonyeza picha, simu inatamka neno. Tabu ni kwamba mwanamke wa ndani ya programu alikuwa akisoma Kiswahili kama anayesoma maelekezo ya sumu ya panya, kwa hiyo Spoku akaileta simu kijiweni warekodi sauti zao. Yeye mwenyewe aliona haya kuongea na simu mbele za watu. Wenzake hawakuona haya hata chembe.

Ndiyo maana Bosi huomba maji kwa sauti ya Wembe. Shikamoo yake ni ya Mzee Mita, ina kikohozi mwishoni. Chakula anakiomba kama Chaji anapotangaza kuwa simu yako imejaa. Asante ni ya Birika, ambaye tangu azaliwe hajawahi kulisema neno hilo likiwa peke yake, basi mtoto husema, "Asante, karibu tena!" Wiki ya kwanza mama yake alikuwa jikoni, akasikia kinyozi nyuma ya mgongo wake anasema, "Naenda chooni!" Aligeuka mwiko ukiwa tayari hewani.

Lakini ilifanya kazi. Siku Bosi alipobonyeza maji kwa mara ya kwanza, Spoku alimpa kikombe, kisha akatoka nje akalia kando ya beseni la kutafutia pancha. Miaka yote hiyo alikuwa akibahatisha kiu ya mwanawe. Sasa wiki nzima Bosi haitaki simu, na kesho asubuhi mwalimu mkuu anawasubiri. "Nitamwuliza swali moja tu," alisema mwalimu, "akinijibu kwa hiyo simu yake, nafasi ipo." Spoku alikuwa anaogopa, tena kweli kweli.

— Hii ni memori, Chaji akasema, akiigeuza simu huku na huku. Imejaa. Mtoto anabonyeza, neno linakosa pa kutokea, linarudi, linamgonga kidole.

— Neno linamgonga kidole? Mzee Mita akauliza.

— Kwa ndani, mzee. Huwezi kuliona.

— Acha zako. Kila kitu kina mita. Maji yana mita, umeme una mita, maneno yakose kwa nini? Mtoto kaona matumizi yamepanda, kafunga koki. Mwisho wa mwezi atafungua.

— Simu haina mita ya maneno, mzee wangu, Spoku akasema.

— Hata mimi kuna watu waliniapia kwamba nyumba yao haina mita. Nikaikuta chini ya kitanda, imevikwa shuka.

Pembeni, upande salama wa benchi, alikaa mwanamke ambaye hakuna aliyemfahamu. Alikuwa amekuja akisukuma baiskeli yenye pancha, Birika akamtilia kahawa, naye akatulia kusubiri. Spoku alikuwa na tyubu yake mapajani, anaikwaruza kwa msasa mahali pa kiraka, anakwaruza kupita kiasi.

— Mnazunguka bure, Wembe akasema. Tatizo ni kichwa. Jumapili iliyopita nilimnyoa nusu, mnakumbuka? Kushoto hakuna nywele, kulia zipo. Mtandao unaingia kirahisi upande huu, ukifika upande ule unakwama. Unazunguka humo humo ndani. Nipeni dakika mbili nimalizie, muone kama hajaongea mpaka mumwombe anyamaze.

— Wembe, hilo la kunyoa liache.

— Kesho anakwenda kwa mwalimu mkuu na kichwa cha namna hiyo?

— Atavaa kofia.

— Wahenga walisema, Mzee Mita akaanza.

— Mzee, wahenga hawakuwa na simu, Chaji akamkata.

— Walikuwa na watoto!

— Basi waende wao kesho kwa mwalimu mkuu.

Mzee Mita akanuna, akanyoosha kikombe kiongezwe. Chaji akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti.

— Kuna jambo sikutaka kuwaambia. Simu hizi zinasikiliza. Hii imemsikiliza Bosi mpaka imemjua mzima mzima. Sasa hana haja ya kubonyeza. Akiwaza tu, simu inachukua, ila inapeleka kusiko.

— Inapeleka wapi?

— Kwenye simu ya mtu mwingine. Hapa tunapoongea kuna mzee fulani, mbali huko, yuko kikaoni na watu wake wa heshima, simu inamlipukia mfukoni, "Naenda chooni!" Na haelewi kwa nini.

— Kwa sauti yangu? Wembe akauliza, na alionekana hajachukia.

— Kwa sauti yako.

— Kwa hiyo najulikana mbali.

Spoku alicheka kidogo, kwa sababu huwezi kukaa na watu hawa usicheke, kisha akairudia tyubu. Akapaka gundi, akaipuliza. Ndipo yule mwanamke akaweka kikombe chini.

— Samahani, jamani. Mimi mgeni hapa, nimesikia tu. Hivi huyo mtoto akiwa hataki kitu, anabonyeza wapi?

Birika akabaki ameinamisha chombo chake, kahawa ikajaa kikombe cha Mzee Mita, ikamwagika vidoleni.

— Anabonyeza, Chaji akaanza. Si anabonyeza pale...

Akaichukua simu, akapitisha kidole. Maji. Chakula. Shikamoo. Asante, karibu tena. Nimeshiba. Ndiyo. Naenda chooni. Nakupenda, baba. Hongera. Kahawa, ambayo mtoto hanywi lakini Birika aliona asiachwe nyuma. Chini kabisa palikuwa na picha ya mpira ambayo Wembe aliiongeza kwa siri, ukibonyeza inapiga kelele, "Tumewafunga!"

— Picha ya ndiyo ipo? Spoku akauliza.

— Ndiyo ipo.

— Hapana?

Chaji akarudi juu, akashuka tena.

— Haipo.

— Mtoto mwenye adabu, Mzee Mita akasema taratibu, lakini hakumalizia.

Spoku hakuwa anamsikia. Alikuwa yuko Jumapili iliyopita, ndani ya saluni, Bosi kwenye kiti, mashine inalia karibu na sikio lake. Mlio ule Bosi hauwezi, na baba yake anajua hauwezi. Lakini walitaka apendeze kwa mwalimu mkuu. Bosi akabonyeza, "Naenda chooni!" Wakampeleka. Akasimama tu mlangoni, wakamrudisha. Akabonyeza tena, wakampeleka tena, wakamrudisha. Mara ya tatu kijiwe kizima kilicheka, Wembe akasema huyu mtoto ana akili, anatuchezea shere, na Spoku, baba mzazi, akamshika mabega. Bosi akaendelea kubonyeza. Alikuwa anamwomba Wembe amwache kwa sauti ya Wembe mwenyewe. Waliacha nusu ya kichwa kwa sababu umeme ulikatika, si kwa sababu kuna aliyemwelewa.

— Alikuwa anatuambia, Spoku akasema. Siku ile kwenye kiti. Alitafuta neno la kumtoa pale, akakuta tumempa choo peke yake.

Wembe akatazama viatu vyake.

— Sasa turekodi, Chaji akasema haraka, maana kimya hakimfai. Sitaki. Neno fupi.

Wote wakasafisha koo. Mzee Mita akajiweka sawa, akaanza, "Kwa heshima na taadhima, mimi binafsi sitaki," wakamzuia. Wembe akasema yeye hatalisema, hana haki. Birika alijaribu, likatoka, "Sitaki, karibu tena."

— Acheni, Spoku akasema. Neno hili lina mwenyewe. Kwetu hakuna anayelisema vizuri kama mama yake.

Akaupanua mkono wake mbele ya simu, kiganja cheusi cha grisi, Chaji akakipiga picha kiwe alama ya neno hilo. Kisha wakampigia Mama Bosi.

Alikuja amemshika mtoto mkono, kofia ya sufu imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Bosi alikwenda moja kwa moja kwenye nati. Mama akaelezwa, na kadiri alivyoelezwa macho yake yalimhama mumewe yakamwendea Wembe, yakarudi kwa mumewe, na kila yalipotua mtu alisogea. Hakugombana. Aliichukua simu, akaisogeza mdomoni.

— Sitaki.

Halikuhitaji kurudiwa. Hata yule mgeni aliitikia kwa kichwa.

Spoku akachuchumaa karibu na kopo. Hakumshika mkono Bosi. Aliiweka simu chini, mwisho wa mstari wa nati, akabonyeza kile kiganja mara moja ili asikie, akasogea nyuma. Bosi hakutazama. Akapanga nati mbili. Spoku akaificha mikono yake kwapani. Wembe akasimama, akaingia saluni, akarudi na mashine. Sura ilimshuka kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

— Wembe, unafanya nini? Mama Bosi akauliza.

— Shemeji, nataka aniambie mimi mwenyewe.

Akasimama mbali, hatua kadhaa, akaiwasha. Mlio wa kwanza tu, mkono mdogo ukatoka kwenye nati ukapiga kile kiganja cheusi.

— Sitaki, ikasema sauti ya mama yake.

Wembe akaizima hapo hapo. Bosi akasubiri. Akakisikiliza kimya kile mpaka mwisho wake, kisha akatafuta picha nyingine.

— Asante, karibu tena!

Walicheka mpaka ule mguu wa matofali ukateleza, benchi likalala upande, Mzee Mita akajikuta chini na kahawa yake. Spoku alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na safari hii hakwenda kujificha kwenye beseni.

Mzee Mita ndiye aliyerudi kwenye shughuli, akiwa bado chini.

— Lakini, Spoku, hebu fikiri. Kesho mwalimu mkuu anamwuliza, je, binti, unataka kusoma hapa? Naye anampiga hiyo hiyo. Sitaki! Hapo utasemaje?

Spoku akafuta macho kwa mkono, akajipaka grisi shavuni. Bosi alikuwa ameiweka simu kwenye mstari, katikati ya nati kubwa kabisa na spana.

— Nitamwambia mwalimu mkuu ameshajibiwa.