Siti ya Breki

Kijiwe chao kilikuwa ubavuni mwa duka la kinyozi: jiko la kahawa, vikombe vinne visivyo na ukoo mmoja, na benchi lenye mto mnono uliowatia wivu wapita njia. Nyuma ya duka palikuwa na stoo, na ndani ya stoo, chini ya turubai, ilikaa pikipiki ya rafiki yao Breki, aliyekufa na kuwaachia ufunguo. Asubuhi hiyo walikuwa wametoka huko jasho likiwachuruzika. Walipiga kiki mpaka magoti yakaomba talaka, na injini haikutoa hata kikohozi. Wakampigia simu binti wa Breki kumwambia kwamba imegoma. Binti akasema anakuja hivyo hivyo na fundi wake, maana Jumatatu anaanza kazi ya kusambaza dawa kwenye zahanati, na ameambiwa bila pikipiki asijisumbue. Sindano, fundi cherehani, ndiye aliyepiga hiyo simu. Sasa alikuwa anatazama kikombe chake. Aliona aibu, na aibu yenyewe alikuwa ameikalia.

— Tumwambie ni petroli, alisema Profesa, yule kinyozi, aliyeijua shule kwa kunyoa walimu. Ikikaa sana inakuwa gundi, inaziba kabureta. Hiyo sayansi.

— Fundi wake ataisafisha kabureta, alisema Sindano. Halafu?

— Basi panya, alidakia Bilauri, muuza kahawa. Wamekula nyaya. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Panya wamekula na betri?

Profesa akajikohoza. Betri ilikuwa dukani kwake, ikiendesha mashine ya kunyolea umeme ukikatika. Kioo cha pembeni nacho kilikuwa huko huko, wateja wakijitazamia visogo.

— Betri niliazima, Sindano. Kuazima si kuiba. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na plagi?

— Plagi iko kwenye pampu ya maji ya shemeji yangu.

Bilauri akaacha kupepea makaa.

— Yaani tumepiga kiki asubuhi nzima, injini haina plagi?

— Nilidhani mtaona wenyewe. Nikaona haya kuwakatiza.

— Wewe mtu wewe!

— Na wewe cheni ya pikipiki uliyofungia meza yako je?

— Meza ingeibiwa, Profesa! Mjini hapa kuna wezi.

Wakanywa kidogo, kisha wakaanza upya.

— Tumwambie ina majonzi, alisema Profesa. Ilizoea mguu wa Breki. Mguu mwingine haiutaki.

— Tena iliegeshwa ikitazama ukuta, alisema Bilauri. Injini ikitazama ukuta muda wote huo, inasahau barabara.

— Na harufu ya kahawa hii! Imeivuta mpaka petroli haiitamani tena.

— Halafu chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pikipiki isiyotembea ndiyo nzuri. Mwambieni hivyo.

Sindano hakucheka. Alimkumbuka Breki kitandani, sauti imebaki nyembamba, akisema: "Mtoto akikua, mpeni." Wa kwanza kuingia stoo alikuwa yeye. Mgongo ulimuuma, benchi lilikuwa gumu, na siti ilikaa bure gizani. Akaivisha kitambaa cha bluu kwa mishono midogo midogo, kazi safi kuliko suti yoyote aliyowahi kushona. Wenzake walipoona siti imetoka salama, nao wakaingia. Angewalaumu kwa mdomo gani?

Binti akatokea, kofia ngumu ya baba yake kwapani, imefutwa mpaka inang'aa.

— Shikamooni, baba wadogo.

— Marahaba, mwanetu.

— Fundi yuko nyuma anakuja. Msijilaumu kuhusu injini, chuma nacho huchoka. Mama kasema kwanza niwashukuru. Anasema watu wengine wangeshaitoa vipande vipande.

Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze. Wakasogea, binti akakaa, akapewa kikombe. Akaubonyeza mto kwa kiganja.

— Jamani, mto mzuri huu! Mliununua wapi?

Profesa, mwenye sayansi yake, akatazama mawingu. Bilauri akaliinamisha birika, likatoa tone moja, kisha basi.

— Kahawa imeisha, alisema, ingawa hakuna aliyeomba.

Sindano akatoa mkasi mfukoni.

— Inuka kidogo, mwanangu.

Akapiga magoti, akafumua mshono wa kwanza, wa pili, kisha akavuta kitambaa chote. Siti nyeusi ikatokea, na nyuma yake kile kitundu ambacho binti, enzi za kupakiwa kwenda shule, alikuwa akikichimba kwa kidole. Binti akajaribu kuingiza kidole tena. Hakikuingia, kidole kilikuwa kimekua.

— Siti ni mimi, alisema Sindano, bado yuko chini. Nisamehe, mwanangu. Vingine watasema wenyewe.

Profesa akaenda dukani, akarudi amekikumbatia kioo. Bilauri alikuwa tayari anahangaika na kufuli la cheni.

Binti hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliiweka kofia juu ya siti ya baba yake, akawatazama mmoja mmoja.

— Asubuhi, mliponipigia simu kwamba injini imegoma, aliuliza, mlikuwa mmekaa wapi?