Bwana Zenon na Miraba ya Ndege ya Langoni

Tarehe 31 Machi 2017 Bwana Zenon Pawlaczyk, mchoraji wa karakana ya rangi ya Kituo chetu cha Anga cha Jastrzębin, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba na ushei. Mhariri wa jarida letu amenipa mimi wa jikoni kazi ya kumwandika. Alisema, "Bi Bożena, wewe ndiye uliyemlisha." Ni kweli nimemlisha, naye amenilipa kwa ulimi. Wiki yangu ya kwanza kazini alisimama na bakuli mbele ya watu wote akauliza, "Bi Bożena, hii supu imekutana na nyama, au imesikia habari zake redioni?" Nikaenda kulia stoo. Keshoye akaja na kibao alichokipaka mwenyewe, chenye jina langu na maua ya mpopi pembeni, akakipigilia juu ya dirisha la kugawia chakula. Kipo mpaka leo. Ndivyo Mungu alivyomuumba: ulimi wa pilipili, mkono wa asali.

Aliajiriwa Oktoba 1979, enzi za Chama cha Kikomunisti. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukuta mrefu wa karibu na lango, ambao kila Mei Mosi uliandikwa kaulimbiu mpya. Miaka kumi baadaye akaamriwa aufute wote. Baada ya muda akaamriwa achore msalaba palepale, kwa sababu nyuma ya ukuta huo ndipo tulipopewa kikanisa. Ukuta ulikuwa mmoja, na afisa aliyetoa amri zote tatu alikuwa mmoja vilevile, kila mara akiwa na uso uleule wa mtu mwenye hakika. Zenon alichovya brashi akasema, "Kazi yangu ni rangi. Imani wanabadilisha wenyewe."

Mwaka 1993 ikaja amri ya miraba. Alama ya ndege zetu ni mraba wenye vyumba vinne, viwili vyekundu na viwili vyeupe. Tangu enzi za babu zetu nyekundu ilikaa juu upande wa kushoto. Mwaka huo wakubwa wakaamua kiti hicho ni cha nyeupe. Ndege zote za kituo zikageuzwa alama, na aliyezigeuza ni Zenon, moja baada ya nyingine. Alinung'unika kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, lakini alifanya. "Ndege za leo, amri ya leo. Haya."

Sasa niseme habari ya ndege ya langoni, maana bila hiyo sifa zote hizi zitakuwa porojo tu.

Mwaka 2008 iliundwa kamati ya kusimamisha kumbukumbu: mfano wa ndege ya kivita ya mwaka 1939, ile yenye mabawa yaliyopinda kama ya shakwe, juu ya nguzo ya chuma. Ilichaguliwa ndege ya Luteni Kazimierz Olszak, rubani wa uwanja huu, aliyeangushwa Septemba ya mwaka huo, Wajerumani walipotuvamia, kwenye shamba la viazisukari nyuma ya parokia. Hana ndugu aliyebaki. Kaburi lake liko kwetu, na kwenye jiwe lake umechongwa ule mraba, nyekundu kwanza. Kila Oktoba, kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, Zenon huenda kulisugua na kuupaka rangi upya. Hakutumwa na mtu.

Ndege yenyewe ililetwa kwa lori, gamba la faibaglasi lisilo na injini wala roho. Zenon akaligonga kwa ngumi, likalia kama beseni. "Bafu lenye mabawa," akasema. Kisha akalipaka rangi kiangazi kizima, ribeti moja moja, vile visumari vya kuunga mabati, hata ribeti ambazo hazikuwapo, mpaka ukisimama mbele yake unataka kusogea isije ikakukanyaga.

Kamati nayo ilikuwa na shughuli nzito: pua ielekee wapi? Ikielekea magharibi, Wajerumani watanuna. Ikielekea mashariki, Warusi watanuna. Kusini kuna Wacheki, nao wamekosa nini? Walikaa vikao vitatu, wakanywa kahawa yangu yote, na mwisho wakaielekeza kwenye jiko. Kweli kabisa. Mpaka leo ndege ya shujaa inashambulia dirisha langu. Zenon akasema, "Angalau imemtambua adui."

Ndiyo maana yaliyofuata niliyasikia kwa masikio yangu. Ilikuwa Jumatano, ndege imeshapandishwa kwenye nguzo, na uzinduzi ni Ijumaa, tarehe 28 Agosti 2009, Siku ya Jeshi la Anga. Meja Grobelny, afisa wa itifaki, akaja, akainua macho, na rangi ikamtoka usoni.

"Bwana Zenon! Miraba iko kichwa chini!"

"Iko kama ilivyokuwa, Bwana Meja."

"Kanuni inasema nyeupe kwanza."

"Kanuni ya tisini na tatu. Huyu alianguka thelathini na tisa. Hakuweza kuisubiri."

Meja akasogea karibu, akashusha sauti. "Unadhani sijui? Najua. Kanali anajua. Hata padri anajua. Lakini Ijumaa anakuja Jenerali kutoka Warsaw, na mwezi uliopita alimfokea mtu huko kwingine kwa bendera iliyogeuzwa. Akiuliza hapa, nani atamjibu?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe ni raia."

"Ndiyo uzuri wenyewe. Sina cheo cha kunyang'anywa."

"Una kazi ya kunyang'anywa."

Hapo hata mimi niliacha kumenya viazi. Mkewe Jadwiga alikuwa ametoka kupasuliwa mgongo, hajiwezi hata kufunga viatu, na nyumba ile ilikuwa na mshahara mmoja tu. Nikamwomba Mama Maria amzibe Zenon mdomo, japo kwa siku hiyo moja. Mama Maria ana busara kuliko mimi, hakunisikiliza.

Zenon akavua kofia. "Basi twende makaburini kwanza, Bwana Meja. Tukamwambie Luteni Olszak kwamba alikufa kichwa chini. Akikubali, nitarudi nipake."

Meja hakwenda makaburini. Alikwenda mjini, kwenye duka la matangazo linaloandika magari ya piza na ya mazishi, akarudi na stika: miraba ya leo, nyeupe kwanza, iliyokatwa vizuri kama jibini. Wanajeshi wawili wakapanda ngazi wakazibandika juu ya miraba ya Zenon, mkiani na kwenye mabawa. Moja ikabaki na hewa ndani, ikavimba kama lengelenge. Zenon alikaa chini ya nguzo mpaka walipomaliza. Alisema neno moja tu, na jarida hili haliwezi kulichapa.

Ijumaa padri alibariki, bendi ikapiga, pazia likavutwa. Jenerali akaitazama ndege kwa muda mrefu. Nikaona uso wake umecheza kidogo, kisha ukatulia. Wakaja kula. Niko nyuma yake na sinia la kabichi chachu na soseji, nikamsikia akimwinamia msaidizi wake.

"Ile miraba si ya siku hizi? Mimi mwenyewe nimerusha ndege miaka mingi zikiwa na nyekundu kwanza."

"Ni ya siku hizi, Jenerali. Niwaulize?"

"Acha, acha. Huenda ni agizo la wizara. Tusijitafutie balaa." Kisha akanigeukia kwa tabasamu la mtu aliyeokoka. "Bibi, kabichi yako tamu. Niongezee."

Nikamwongezea. Ningefanya nini? Jioni nikamweleza Zenon. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini macho yake hayakucheka. "Kumbe woga una ngazi, Bi Bożena. Na kila aliye juu yake haoni ila soli za viatu vya mwenzake."

Hakufukuzwa kazi. Kumfukuza kulihitaji mtu aweke jina lake chini ya barua, na watu wa aina hiyo kwetu wamekuwa adimu kuliko shakwe nchi kavu. Walichofanya ni kumwondoa kwenye ndege. Tangu siku hiyo mkono uliokuwa ukipaka alama za jeshi ukapewa mistari ya kuegesha magari, mapipa ya taka, na mabomba ya zimamoto. Mapipa yetu, nasema bila utani, ndiyo yaliyopakwa vizuri kuliko yote katika Jamhuri.

Kila alipokuja mkuu mpya wa kituo, Zenon alivaa shati safi akaenda kuomba ruhusa ya kuzibandua stika. Wa kwanza akamwambia, "Tungoje ukaguzi upite." Wa pili akamwambia, "Si wakati mzuri." Wa tatu akamshika bega: "Wazo zuri sana hilo, Bwana Zenon, zuri sana." Zenon alirudi jikoni akasema, "Huyu wa tatu ndiye mbaya wao. Wale wawili walau walikataa." Wakati huo jua liliendelea kula stika. Nyekundu ikageuka waridi, kama soseji ya bei nafuu. Meja Grobelny alishastaafu na nishani yake, ana nyumba kando ya ziwa. Namwombea kila Jumapili, ingawa sala hiyo hunitoka ikiwa imekunja uso.

Mwezi huu mkuu wa sasa, wa nne, aliyefika juzijuzi, alimwita Zenon, akamuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa. Wakubwa walikuwa wameshachagua saa ya ukutani.

"Saa ninayo," Zenon akasema. "Nipeni kreni yenye kikapu, asubuhi moja."

Mkuu akaelewa mara moja, maana si mjinga. Akatazama dirishani. "Ngoja niulize Warsaw."

"Uliza, Bwana Mkuu. Mimi Ijumaa ijayo naondoka."

Mkuu akasema, bila kumtazama, "Sijakusikia umeomba nini. Lakini Jumatano kreni itakuwa langoni, kwa ajili ya kubadilisha taa." Hata ujasiri wake alilazimika kuuvalisha sare ya fundi umeme. Namshukuru hata hivyo. Kwenye njaa hata ukoko ni chakula.

Jumatano Zenon akapanda na kikwaruzo, ndoo ya maji moto kutoka jikoni kwangu, na makopo mawili ya rangi, nyekundu na nyeupe. Alijua kazi yake ya chini itakuwa imeharibika, na alikuwa tayari kuanza upya. Nilisimama mlangoni na aproni yangu, wenzangu wa jikoni nyuma yangu, na watu wa karakana wakaja wakijifanya wanapita. Akaanza na ya mkiani. Akalowesha, akakwaruza pembe, akaivuta polepole. Kisha kikwaruzo kikasimama kule juu. Nikafikiri moyo wake umesimama.

"Bi Bożena!" akaita. "Njoo hapa chini uone!"

Nyekundu ilikuwa mbichi kama ya jana. Ndege nzima imepauka, ina rangi ya uji uliolala, lakini pale miraba yake ilikuwa inawaka kama supu nyekundu ya bitiruti siku ya Mkesha wa Krismasi. Jua halikuifikia, wala mvua.

"Wametuhifadhia!" akapiga kelele. "Miaka yote hii walidhani wanaiua, mabwege wale, kumbe wanaifunika isipate baridi!"

Makopo ya rangi hakuyafungua. Alipobandua ya mwisho, mkuu wa kituo akatoka na kofia kichwani. Sote tukasogea kando.

"Taa zimebadilishwa?" akauliza.

"Tazama mwenyewe, Bwana Mkuu."

Akainua kichwa. Akatazama, sisi tukimtazama yeye. Angeweza kusema zirudishwe. Badala yake akapiga saluti, fupi, kama mtu anayeogopa kuonekana, lakini ilionekana. Akarudi ofisini. Mpaka naandika haya, Warsaw hawajapiga simu.

Bwana Zenon, kwa niaba ya jiko, karakana, na wote waliowahi kuegesha gari wakajiona wameegesha kanisani, tunakushukuru. Mungu akupe uzima na usingizi wa asubuhi, ampe Jadwiga mgongo mpya, na akujaalie supu yenye nyama kila siku usiyo na la kuisema. Kuhusu miraba yako, lala salama. Iko juu pale, mchana kweupe, na kuibadilisha kunahitaji mtu atakayeweka jina lake chini ya amri. Kwa jinsi ninavyowajua wakubwa wetu, itadumu.