Kwaheri Mwalimu Rotesheni, Kocha wa Wasichana Waliorudi

Na Mwl. Ogeto Makori, Idara ya Kiswahili, Shule ya Mseto ya Kutwa ya Tulwobei

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Clifford Ogola anatimiza miaka sitini na kuiaga rasmi kazi ya ualimu, baada ya kuifanya hapa Tulwobei kwa miaka thelathini na mmoja bila kuhamishwa. Wapo wanaosema wakubwa walimsahau. Sisi tuliofanya naye kazi tunajua kwamba barua ya uhamisho ilikuja mara mbili, na mara zote mbili wazazi walipanda hadi ofisi ya elimu wakairudisha ilikotoka.

Alifika Januari 1994 kutoka Rachuonyo, kijana mwembamba aliyevaa shati la mikono mifupi. Baridi ya huku kwenye mashamba ya chai haikumwonea huruma. Wiki yake ya kwanza alifundisha Jiografia akiwa amejifunga blanketi chini ya koti, na alipofika kwenye mada ya hali ya hewa ya nyanda za juu, wanafunzi hawakuhitaji mchoro.

Voliboli ya wasichana alipewa kwa sababu mwalimu mgeni hukabidhiwa kile ambacho wenyeji wamekikataa. Shule haikuwa na wavu. Likizo ya kwanza akaenda kwao, akarudi na wavu wa kuvulia samaki, akaukata na kuufunga baina ya mikaratusi miwili. Jua likiwaka, uwanja mzima ulinuka omena. Timu za wageni zilikuwa zikipoteza seti ya kwanza kabla hazijaizoea harufu.

Jina la Rotesheni alijiletea mwenyewe. Alilipigia kelele neno hilo uwanjani ili wachezaji wazungushane nafasi, kisha akaanza kulitumia darasani akitaka wanafunzi wabadilishane viti, na mwishowe akalileta hata katika chumba cha walimu, ambako kila Jumatatu walioketi karibu na jiko la makaa walitakiwa kusogea ili wengine nao wapate joto. Nilipohamia hapa mwaka wa 2009, neno la kwanza aliloniambia halikuwa 'karibu'. Lilikuwa rotesheni, na nilikuwa nimekalia kiti cha joto.

Kikipsigis alijifunza kutoka kwa wachezaji wake, kwa hivyo kwa muda mrefu alijua maneno ya kufokea tu. Jumapili moja kanisani aliombwa awasalimu waumini kwa lugha yao. Akasimama, akatabasamu, akawaambia waruke juu na warudi nyuma haraka. Waumini wa safu ya mbele walitii.

Hayo ndiyo ya kuchekesha, nayo ni mengi. Lakini jambo ambalo Tulwobei haitalisahau lilitokea mwaka wa 2017, na halikuanzia uwanjani.

Mwaka huo tulikuwa na Nelvine Chepkosgei, msichana wa kidato cha tatu, mrefu, mkimya, mwenye mkono wa kushoto ambao timu nyingine ziliuombea ugonjwa. Alipopiga smashi, wachuma chai wa shamba jirani waliinua vichwa. Kila mtu alijua kwamba kombe la kaunti lingekuja nyumbani. Halafu muhula wa pili ukafunguliwa na Nelvine akaanza kukosa mazoezi. Leo tumbo, kesho kichwa. Mwezi wa Juni hakuja shuleni kabisa, na wenzake walipoulizwa walitazama viatu vyao. Nelvine alikuwa mjamzito. Kijana wa pikipiki aliyekuwa akimbeba bure kila asubuhi alikuwa amekwisha kuhamia Londiani, na simu yake haikupatikana.

Mwalimu Ogola alienda nyumbani kwao jioni hiyohiyo aliyopata habari. Baba wa Nelvine, Mzee Weldon Kiplimo, mkulima wa chai na mzee wa kanisa, alimpokea langoni wala hakulifungua.

"Mwalimu," alimuuliza, "umekuja kumtafuta mwanafunzi wako ama mchezaji wako?"

Mwalimu alitueleza baadaye kwamba aligeuka akaondoka, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa mchezaji. Alirudi nyumbani kwa miguu, na nadhani njiani ndipo alipobadilika. Wiki iliyofuata alikwenda tena, safari hii akiwa amebeba vitabu na nakala za masomo ambayo darasa lilikuwa limekwisha kuyasoma. Mzee alivipokea vitabu kwa heshima. Lakini msimamo wake haukutikisika: msichana angebaki nyumbani na kuchuma chai.

Hapo ndipo maneno yakaanza sokoni Litein. Mwalimu mwanamume, mgeni, anamfuata msichana mjamzito hadi kwao mara mbili? Watu wakajumlisha na kupata jibu walilolitaka. Chumbani mwa walimu tulimshauri akae mbali, tukimkumbusha kwamba walimu wamesimamishwa kazi kwa uvumi mdogo kuliko huo. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimwita ofisini na kumwambia vivyo hivyo. Alitoka humo, akajimiminia chai, akatuambia: "Nikinyamaza watasema ni mimi. Nikiongea watasema ni mimi. Basi afadhali niongee, angalau mtoto arudi shule."

Mkewe, Bi. Jerusa, ambaye soko zima linamjua kama Mama Adongo, aliyasikia maneno hayo akiwa kwenye meza yake ya samaki. Mteja mmoja alimpa pole kwa sauti ya kuchokoza. Mama Adongo aliendelea kuparua magamba. "Huyu mwalimu wangu," akasema, "hata akila sukari ya watoto anasahau kupangusa mdomo. Siri kubwa hivyo angeificha wapi?" Meza zote za jirani ziliangua kicheko. Lakini jioni alifunga biashara mapema, akavaa kitambaa chake cha kanisani na kumwambia mumewe kwamba safari ya tatu wangekwenda wote wawili.

Niliambatana nao, kwa hivyo ninayoyasema hapa niliyaona. Mzee Kiplimo alitusikiliza tukiwa tumesimama uani. Nelvine alikuwa mlangoni mwa jikoni, amejifunika shuka ya mama yake. Mwalimu alizungumza, nami nikazungumza, na Mzee akatikisa kichwa. Ndipo Mama Adongo akasema:

"Mzee, miaka yote hii mnaniita Mama Adongo. Huyo Adongo nilimzaa nikiwa kidato cha pili. Huyu mwalimu nilikutana naye Adongo akiwa tayari anatembea. Baba yangu alinipeleka shambani, kama unavyompeleka huyu. Na hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kwetu kuuliza niko wapi. Sasa wewe, mtu amekuja mara tatu, na bado unamsimamisha?"

Mwalimu alikuwa akitazama majani ya chai. Mama yake Nelvine aliingia ndani bila kuagizwa na mtu, akatoka na viti, kisha akarudi tena akaja na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya heshima. Tukaketi. Mzee alikunywa, akapangusa masharubu, na hatimaye akasema, "Akijifungua, arudi asome. Mtoto tutamlea. Lakini mpira hapana. Mpira ndio uliomtoa njiani."

Mwalimu alikubali hapohapo. Mwezi uliofuata, bila Nelvine, tulipigwa seti tatu kwa nunge katika raundi ya kwanza. Ogola alirudi ndani ya basi akipiga mbinja njia nzima. Tulidhani ana malaria.

Wazazi walimpeleka Nelvine kituo cha polisi, akamtaja mwenyewe yule kijana wa pikipiki. Alipatikana Londiani, akafikishwa kortini. Uvumi wa sokoni ukafa, ingawa waliouanzisha hawajaja kuomba radhi hadi leo. Mwezi wa Novemba Nelvine akajifungua mvulana, Kipkoech, na Januari 2018 akarudi kukariri kidato cha tatu.

Kurudi hakukuwa rahisi. Katika mkutano wa wazazi, baba mmoja alisimama akasema msichana huyo angewaambukiza wengine. Mwalimu Ogola alinyoosha mkono. "Mzazi mwenzangu," akasema, "mimba si surua." Watu walicheka, na kicheko kilipotulia mwalimu mkuu aliwakumbusha kwamba serikali yenyewe inataka msichana aliyezaa arudishwe darasani. Siku hiyo tulimwona mwalimu mkuu wetu amekuwa mrefu kidogo.

Kisha kukawa na mambo ambayo hakuna mkutano ambao ungeyatatua. Siku moja katikati ya somo la Hesabati, maziwa yalilowesha blauzi ya Nelvine na wavulana wa nyuma wakacheka. Alitoka mbio, akajificha katikati ya michai. Bi. Chepkirui wa Baiolojia alimfuata, akamvika sweta lake mwenyewe, akakaa naye hukohuko hadi kengele. Wale wavulana walimkuta Mwalimu Ogola akiwangojea, na sitasema aliwaambia nini. Ninachojua ni kwamba muhula huo wote ndio waliofagia stoo ya michezo.

Na stoo hiyo ilihitaji kufagiliwa, kwa kuwa Mwalimu aliigeuza chumba cha kunyonyeshea. Kila mapumziko ya asubuhi bibi yake mtoto, mama wa Nelvine, alimleta Kipkoech mgongoni, Nelvine akajifungia humo, akatoka na kurudi darasani. Mtoto alizoea kulala ndani ya kikapu cha mipira. Mgeni mmoja kutoka ofisi ya elimu, akikagua vifaa, aliinua turubai na kukutana na macho mawili. Mwalimu Ogola alimweleza kwa utulivu kwamba huyo ni mchezaji wa akiba.

Hata hivyo aliishika ahadi yake. Mwaka mzima hakumpa Nelvine mpira. Aliyeivunja ile amri ni Mzee Kiplimo mwenyewe, aliyetokea shuleni asubuhi moja akiwa na hasira. "Mwalimu," alisema, "huyu msichana amefunga masweta kuwa mpira, anaupiga kwenye ukuta wa zizi asubuhi na jioni. Ng'ombe wamekataa kutoa maziwa. Tafadhali, mrudishe uwanjani." Sijui kama ng'ombe walirudisha maziwa. Nelvine alirudi.

Mwaka wa 2019, akiwa kidato cha nne, tulifika fainali ya kaunti, iliyochezewa Litein. Bibi alikuwa mgonjwa siku hiyo, kwa hivyo Kipkoech, ambaye sasa alikuwa akitembea, alikaa benchi mapajani mwa kocha. Seti ya tano, mpira ukiwa hewani, kijana huyo alinyakua filimbi kifuani mwa Mwalimu na kuipuliza kwa nguvu zake zote. Wachezaji wote wakasimama. Refa alitazama huku na huku akitafuta refa mwingine. Pointi ilirudiwa, benchi letu likapewa onyo, na Nelvine akamaliza mechi kwa ule mkono wa kushoto. Mzee Kiplimo, mzee wa kanisa, aliruka uzio. Kwenye mashindano ya kanda tulipigwa hadi tukasahau jina la shule, lakini hilo si la leo.

Nelvine alipata alama ya C jumla, akasomea umeme katika chuo cha ufundi, na sasa ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai na mchezaji wa timu ya kiwanda. Kipkoech yuko gredi ya pili na hachezi mpira hata kidogo. Anapenda kuchora.

Baada ya Nelvine walirudi wengine, na stoo haijakosa mtoto tangu siku hizo. Si wote waliofika mwisho. Winny alirudi kwa wiki mbili tu, halafu akaolewa upande wa Siongiroi. Mwalimu Ogola amekwenda kwake mara nyingi, daima pamoja na mkewe, na mara zote wamepokewa vizuri na kuambiwa 'bado'. Mwezi uliopita alikwenda tena. Mwalimu mpya wa michezo ajue kwamba hiyo nayo ni sehemu ya kazi anayoirithi.

Kuna jambo moja ambalo Mwalimu alituomba tusilitaje, na ninalitaja. Baada ya siku ile uani kwa Mzee Kiplimo, Mama Adongo alianza kuvichungulia vitabu vya mumewe. Ilichukua miaka kabla hajasema anachokitaka. Mwaka jana akasema. Nelvine alimfundisha Hesabati kila Jumapili alasiri, Bi. Chepkirui akamfundisha Baiolojia, nami nikapambana naye katika Kiswahili, ambako alinishinda kwa methali. Wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, Bi. Jerusa alimaliza mtihani wake wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Siku ya karatasi ya mwisho, Mwalimu Ogola alimngojea langoni na chupa ya chai, akitembea huku na huku kama mzazi yeyote.

Mwalimu, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, wazazi na wasichana wote uliowafuata walikokuwa, tunasema asante: kwa lugha ya huku, kongoi, na kwa lugha yako, erokamano. Ukaishi vyema Rachuonyo kwenye jua ulilolikumbuka miaka yote hii. Ulale mchana, ule samaki waliotoka ziwani siku hiyohiyo, na usimfokee jirani. Tunakutakia afya njema na siku nyingi za furaha wewe na Mama. Na Januari matokeo ya Mama yakitoka, asitupigie simu yeye. Piga wewe, maana tunajua utashindwa kuongea, na sisi tutaelewa.