Mwalimu Chimbuko na Shemeji Yake Mhariri

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, dada yake wa mwisho, niwasomee kwa ufupi maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Chimbuko, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kupenda jambo lolote la ufupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili wa fundi wa mabehewa na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu Novemba 1974 katika somo la Kiingereza.

Januari 1975 aliajiriwa katika sekondari ya wasichana iliyo jirani na kiwanda cha sabuni, akafundisha hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, na kila Ijumaa kipindi cha mwisho, wanafunzi wakiwa hoi, alifunga kitabu akawasimulia msemo mmoja wa Waingereza umetoka wapi. Aliwaambia, uso mkavu kabisa, kwamba mvua kubwa inapopiga Waingereza husema inanyesha paka na mbwa kwa sababu zamani wanyama hao walilala kwenye mapaa ya nyasi, mvua ikija wakateleza wakaanguka, na darasa zima likaangua kicheko.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu, na pamoja na mke akapata shemeji, kaka wa bibi harusi, mhariri wa kamusi, mtu asiyeandika neno bila ushahidi mkononi. Shemeji alimuuliza mbwa gani mwenye akili zake analala juu ya paa, marehemu akamuuliza yeye alikuwepo, wakabishana hivyo miaka nenda miaka rudi, vyombo vikiondolewa mezani wala hawana habari, na sote tulijua kuwa wale ni chanda na pete.

Kilichowatenganisha ni harusi ya binti mkubwa, tarehe 22 Septemba 2012, ambapo marehemu, akitoa nasaha, alieleza kwamba sisi tunafunga pingu za maisha lakini Waingereza wanafunga fundo tu, na kwamba fundo hilo ni la kamba za kitanda cha maharusi, naye shemeji, aliyepewa kipaza sauti ili ashukuru wageni, akasema mbele ya wakwe kwamba hayo hayana ushahidi, wataalamu bado wanavutana. Ukumbi ulicheka, marehemu hakucheka, na tangu siku hiyo hawakusemezana, wakawa wanapishana misibani kama watu wasiojuana, wifi yangu katikati, mume huku, kaka kule. Tusifichane, jambo hili lilimuuma marehemu kuliko figo zilizoanza kumsumbua Machi 2023.

Alilazwa tarehe 9 Januari 2024, wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, madaktari wakatueleza ukweli, nasi tukakosa moyo wa kumwambia. Alipoona tunamzungusha, alimtuma mkewe amwite kaka yake, akisema anamtaka mtu ambaye hajawahi kutamka neno asilo na ushahidi nalo. Shemeji alikuja mchana ule ule, miwani ya kazini bado inaning'inia shingoni, akaketi ukingoni mwa kitanda, marehemu akamuuliza moja kwa moja kama atapona. Shemeji aliitazama mirija, akatazama dirishani, akasema atapona. Marehemu akamuuliza ushahidi uko wapi, shemeji akakiri hana, na hapo kaka yetu akamshika mkono, akacheka hadi muuguzi wa zamu akaja kuona kuna nini. Kisha wakabishana kwa nini Waingereza husema aliyekufa amepiga teke ndoo, mmoja akishikilia kwamba ni ndoo ya mwenye kujitia kitanzi, mwingine akisema huenda neno hilo la ndoo zamani lilimaanisha pia boriti ya kutundikia nguruwe aliyechinjwa, mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha bila muafaka.

Alifariki Jumatano, tarehe 17 Januari 2024, asubuhi, mkewe upande mmoja, shemeji upande wa pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotuachia nyumba zenu tulaze wageni, walimu wenzake, na wanafunzi wake wa zamani mliofurika hapa. Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano, na shemeji mmoja ambaye tangu Jumatano hana wa kubishana naye.

Kaka, lala kwa amani, upumzike.