Poti la Misumari

Fundi seremala alipanda basi na binti yake wa miaka miwili amembeba kiunoni, na mkononi ameshika poti la mtoto la kijani lililojaa misumari. Mama mmoja mtu mzima, mwenye mkoba mkubwa mapajani, akawasogezea nafasi. Akalitazama lile poti.

"Mwanangu, poti si la kuwekea misumari."

"Najua, mama. Ila mwenyewe bado hajalitaka, na mfuko wangu umetoboka."

"Hajalitaka! Wangu walikalia poti kabla hawajajua kutembea. Mtoto anakalishwa, haombwi ruhusa."

Fundi akacheka. Wimbo huo alikwisha kuimbiwa na mama mkwe, beti zote. "Mimi namwacha alizoee tu. Juzi alimlaza mwanasesere humo, jana kalivaa kichwani. Siku akiwa tayari, atasema."

"Atasema akiwa darasa la tatu!" Abiria wa nyuma wakaangua kicheko.

Binti akamvuta baba yake kola. "Baba. Kojo."

Fundi, aliyekuwa ametulia hivyo, akababaika. "Dereva, simama! Simama hapo hapo!" Mama akafungua mkoba bila kuambiwa, na misumari yote ikamiminwa humo, juu ya miwani yake.

Basi likasimama. Kando ya barabara binti akakaa juu ya poti kama bosi ofisini, akitazama mawingu. Dakika zikapita. Dereva akapiga honi.

Mama akasimama, mkoba ukilia kama njuga. "We dereva, koma! Mtoto haharakishwi!"