Mwombee kwa Kiromania

Ndani ya basi dogo la kwenda mji wa Beiuș, Romania, Tiberiu, Mbaptisti wa miaka mingi, alimsikia mama wa kiti cha mbele akimsimulia dereva jinsi bega lake lilivyopona kwa maombi. Uvumilivu ukamwisha. "Dada, miujiza hiyo iliisha na mitume."

Mama yule, Saveta, Mpentekoste, akageuka. "Nani kakwambia, ndugu? Kwenu wagonjwa hamwaombei?"

"Tunawaombea!"

"Na wakipona?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Basi sisi tumewazidi kelele tu!" Abiria wakaangua kicheko, na Tiberiu naye akajikuta anacheka.

Basi liliposimama, alisita mlangoni. "Mke wangu Lidia anapasuliwa kesho," alimnong'oneza. "Mwombee, dada. Lakini kwa Kiromania, siyo kwa zile ndimi zenu zisizoeleweka."

"Hilo la lugha kaongee na Roho Mtakatifu mwenyewe," Saveta akajibu, akimshika mkono kwa nguvu.